Usizime uhakiki wa cheti: uzi kwa wote tunaoandika programu zinazoongea na seva

#1 Fundi Ilemela (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo, naomba mnivumilie, maana nilichokiona wiki iliyopita hakijanitoka kichwani.

Nimekabidhiwa programu ya mauzo ya maduka ya jumla niiendeleze. Imeandikwa kwa Python, inakaa kwenye kompyuta ya kaunta, na ina kazi mbili: kupeleka mauzo kwenye seva ya mwenye maduka, na kuiuliza seva ya malipo kama pesa ya mteja imeingia. Aliyeiandika hayupo tena. Nikafungua faili la mawasiliano, nikakutana na hiki:

    jibu = requests.post(url, json=data, headers=h, verify=False)

Hilo verify=False linaiambia programu isihakiki cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali. Juu yake kuna mstari unaonyamazisha onyo la urllib3, maktaba ya Python inayobeba maombi hayo. Yaani maktaba ilikuwa inapiga kelele kwenye kila ombi kwamba haijui inaongea na nani, na mtu akaona dawa ni kuiziba mdomo.

Nikataka nijionee mwenyewe. Nikawasha mitmproxy, programu inayokaa katikati ya mawasiliano na kuyasoma, kwenye laptop yangu, nikaielekeza kompyuta ya majaribio ipitie humo. Sikuiwekea cheti chochote cha mitmproxy, nimeiacha kama ilivyo dukani. Nikauza sukari kilo 2. Papo hapo ombi zima likajianika kwenye skrini yangu: namba ya simu ya mteja, kiasi, na kwenye mstari wa Authorization tokeni ya duka (ufunguo wake wa utambulisho) kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nikaenda hatua moja mbele. Seva ya majaribio ya malipo ilijibu kwamba muamala umekataliwa. Mimi nikalizuia lile jibu njiani, nikafuta neno hilo na kuandika kwamba umefanikiwa, nikaliachia. Mashine ya kaunta ikachapa risiti. Bado ninayo, nimeibandika ukutani juu ya meza yangu.

Watu husema, "Si ni HTTPS, data imesimbwa." Imesimbwa kweli, lakini kati yako na nani? Mtu akibisha hodi saa 8 usiku, swali la kwanza si komeo ni imara kiasi gani. Unauliza, "Nani?" verify=False ni kufungua bila kuuliza, kisha kurudishia komeo ukiwa umeshamwingiza ndani.

Uhakiki unauliza mambo machache tu, na kila moja lina sababu yake. Je, sahihi kwenye cheti hiki zinapanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye cheti cha mzizi, yaani cha mamlaka ya juu ya vyeti, ninachokiamini? Je, jina lililo kwenye cheti ndilo nililoliita? Je, leo ipo ndani ya muda wa cheti? Swali la jina ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mtu yeyote mwenye kikoa chake (jina la tovuti) anaweza kupata cheti halali bure leo hii. Ukihakiki mnyororo ukaacha jina, basi cheti halali cha tapeli kwa kikoa cha tapeli kitapita kana kwamba ni cha benki.

Hili si kosa la wazembe peke yao. Mwaka 2012 watafiti wa Stanford na wa chuo kikuu cha Texas kule Austin walipima programu zisizo vivinjari, wakakuta uhakiki umevunjika hata kwenye maktaba za malipo. Mfano mmoja naukumbuka kila nikigusa curl, chombo cha kutuma maombi kwa seva: chaguo la CURLOPT_SSL_VERIFYHOST lilitaka thamani 2, watengenezaji wakawa wanaandika "true", ambayo ni 1, na 1 ilikuwa haihakiki kwamba jina linafanana. Mtu alidhani amewasha, kumbe amezima. Python nayo, maktaba zake za ndani zilikuwa hazihakiki kabisa vyeti vya HTTPS mpaka toleo 2.7.9 la Desemba 2014.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma: fungueni kodi (code) za programu zenu leo, tafuteni verify=False, InsecureSkipVerify kwa wa Go, rejectUnauthorized kwa wa Node, na ile kazi (function) ya C# inayorudisha true bila kuangalia chochote. Mkikuta, njooni tusaidiane kuitoa. Nipo.

#2 Kijana wa Kahama

Kaka, hoja yako naielewa, ila tuseme ukweli wa kazi zetu. Mteja anataka mfumo kesho asubuhi, seva ya upande wa pili ina cheti kibovu, ukiwaandikia hawajibu. Unafanyaje? Na huyo mtu wa kukaa katikati atatoka wapi huku kwetu? Duka lina ruta moja na kaunta mbili.

#3 Fundi Ilemela

Kijana wa Kahama, umeuliza swali la haki, nitalijibu kwa uzito wake.

Hiyo ruta moja ndiyo mlango wenyewe. Maduka niliyotembelea, nywila ya ruta ni ile iliyobandikwa chini yake kiwandani, na wateja wanapewa Wi-Fi hiyohiyo wakisubiri mzigo. Anayeingia kwenye ukurasa wa ruta na kubadilisha DNS (huduma inayogeuza jina la seva kuwa anwani yake) hahitaji kuwa bingwa. Tangu hapo jina la seva ya malipo linampeleka kaunta popote anapotaka yeye.

Halafu ona tofauti hii. Mwaka 2011 mamlaka ya vyeti ya Uholanzi iliyoitwa DigiNotar ilidukuliwa, vikatolewa vyeti vya uongo, kimojawapo cha google.com, kikatumika dhidi ya watu wa Iran. Kampuni ilifilisika Septemba mwaka huohuo. Yule mdukuzi ilimbidi avunje mamlaka nzima ya vyeti ili vivinjari vimkubali. Programu yenye verify=False haimdai jasho hilo. Cheti alichojitengenezea mwenyewe kwa amri moja ya openssl, chombo cha kutengeneza na kukagua vyeti, kinamtosha.

Kuhusu cheti kibovu cha upande wa pili: karibu kila mara ubovu una jina lake na tiba yake. Tatizo letu ni kwamba tukiona CERTIFICATE_VERIFY_FAILED tunaliona kama kosa moja. Yapo mengi humo ndani. Soma maneno yanayofuata baada ya nukta mbili, ndiyo yanayokwambia kilichoharibika.

#4 Dada Neema wa Dodoma

Asante kwa uzi. Mimi nina tatizo hilohilo sasa hivi, na nakiri nilikuwa nimeshaandika verify=False kwenye tawi langu (nakala yangu ya kazi), bado sijaipandisha. Naunganisha mfumo wa shule na seva ya mtoa huduma za ujumbe mfupi. Nikifungua anwani yao kwenye Chrome, haina shida yoyote. Nikiita kwa Python inakataa, inasema "unable to get local issuer certificate". Niliowaandikia wananijibu, "Mbona kwetu inafunguka?" Nimekaa nalo siku 3.

#5 Mzee wa Seva

Dada Neema, pole. Ugonjwa huo ninaujua vizuri, nimeutibu miaka mingi.

Seva inatakiwa ikupe cheti chake pamoja na cheti cha kati, kile kilichotia sahihi cheti chake. Mzizi wenyewe haitakiwi kukupa, huo unao wewe kwenye kompyuta yako. Sasa msimamizi akisahau cheti cha kati, mnyororo unakatika: unacho cha chini, unacho cha juu, kinachoviunganisha hakipo. Chrome inafunguka kwa sababu inajua kujitafutia. Ndani ya cheti kuna anwani ya mahali pa kuchukua cheti cha mtoaji, na kivinjari huenda kukichukua au hukitumia kile kilichokwisha kukiona kwingine. Python na curl kwenye Linux hazifanyi hivyo. Ndiyo maana jibu la "kwetu inafunguka" halithibitishi kitu.

Endesha hii, ukiweka jina la seva yao mahali pa SEVA:

    openssl s_client -connect SEVA:443 -servername SEVA -showcerts </dev/null

Usiache -servername, seva moja siku hizi inabeba vikoa vingi na bila hiyo unaweza kupewa cheti kisicho chako. Angalia sehemu ya mnyororo. Ukiona namba 0 peke yake, bila 1, tumemaliza uchunguzi. Tuletee unachokiona, tokeni zako ziache huko huko.

#6 Mtaalamu wa Maziwa, Tanga

Shikamoo mzee. Niongezee la kwangu, huenda likamsaidia mwingine.

Tuna vifaa vya Raspberry Pi (kompyuta ndogo) kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, vinasoma joto la tangi na kutuma kila robo saa. Kituo kimoja umeme ulikatika wiki nzima. Uliporudi kifaa kikawaka, ila hakikutuma hata usomaji mmoja. Logi nzima ni cheti, cheti, cheti. Fundi aliyekuwa pale akanipigia kwamba cheti cha seva kimekufa. Nikaangalia seva, cheti kizima, kimesasishwa siku 2 zilizopita.

Hapo ndipo nikamwambia aandike amri ya date kwenye kifaa. Kilikuwa bado kinaishi wiki iliyopita. Pi za kabla ya ile ya 5 hazina saa inayotembea umeme ukizima. Kikiwaka kinaanzia pale kilipozimikia mpaka kipate saa kwenye mtandao. Kwa hiyo kilikuwa kinakiambia cheti kipya, "Wewe bado hujazaliwa." Na kilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa saa yake.

Dawa tuliyoweka: huduma yetu haianzi mpaka saa ipatikane. Kwenye systemd, inayoanzisha huduma za Linux, tumewasha systemd-time-wait-sync na kuandika After=time-sync.target. Tuliongeza pia moduli ndogo ya saa yenye betri kwa vituo vya mbali. Kabla ya hapo kuna aliyependekeza tuzime uhakiki kwa dakika 10 za mwanzo. Nilikataa. Dakika 10 za mwanzo ndizo kifaa kinapotuma utambulisho wake.

#7 Fundi Ilemela

Mtaalamu, hii ya saa nitaibandika kwenye ubao wa ofisi. Na itazidi kuwauma watu, maana umri wa vyeti unapungua. Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, walizoesha watu siku 90. Tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilikataa cheti kipya cha hadharani kinachozidi siku 398, na Aprili 2025 mamlaka za vyeti na wenye vivinjari walipiga kura kushusha hatua kwa hatua mpaka siku 47 ifikapo Machi 2029. Kifaa chenye saa iliyopotea hata wiki chache kitakuwa kinakosana na seva mara kwa mara.

#8 Mtaa wa Nyuma, Nairobi

Hongera kwa uzi mzuri. Kwetu shida ilikuwa ya ndani. Tulikuwa na huduma kama 12 zinaongea zenyewe kwa zenyewe, zote zinaitana kwa jina la mashine, na vyeti vimeandikwa jina hilo kwenye uga wa CN (sehemu ya zamani ya jina ndani ya cheti) peke yake. Tulipohamia Go 1.15 mwaka 2020 kila kitu kikakataa. Go ilikuwa imeacha kuiamini CN. Chrome nayo iliiacha mapema zaidi, toleo la 58 mwaka 2017. Jina linatafutwa kwenye SAN (orodha ya majina ndani ya cheti), na kama unaita kwa IP, hiyo IP lazima iandikwe humo kama IP, si kama jina.

Mwenzetu mmoja akaweka InsecureSkipVerify ili kazi iendelee. Ilikaa miezi 7. Hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu kilichozimwa hakilalamiki.

Tulichofanya baadaye ni kuunda mamlaka yetu ndogo ya ndani, kutoa vyeti vyenye SAN sahihi, na kusambaza cheti chetu cha mzizi kwa huduma zote. Kwa wenye Python ni mstari mmoja:

    ctx = ssl.create_default_context(cafile="mzizi_wetu.pem")

Ukiandika hivyo unaamini mzizi wenu tu, na uhakiki wa jina unabaki umewashwa. Kwenye requests ni verify="mzizi_wetu.pem". Kwa Node kuna NODE_EXTRA_CA_CERTS. Muda wa kuandika hayo ni uleule wa kuandika False.

#9 Kijana wa Kahama

Hilo la mwisho limenigusa. Sikujua kwamba verify inapokea njia ya faili. Miaka yote nilidhani ni ndiyo au hapana.

Swali: kama nina Session moja (kikao cha requests kinachotumika kwa maombi mengi), nikazima uhakiki kwa ombi moja tu la seva korofi, mengine si yako salama?

#10 Fundi Ilemela

Ndicho nilichodhani hata mimi, kaka, na hapo requests ilikuwa na hitilafu ya kweli. Kabla ya toleo 2.32.0 la Mei 2024, ukifungua Session, ombi la kwanza kwa seva likaenda na verify=False, muunganisho ule ulihifadhiwa. Maombi yanayofuata kwa seva ileile yaliendelea kutumia muunganisho ambao haukuhakikiwa, hata ukiandika verify=True. Sasisheni, na msiruhusu False hata moja kwenye Session.

#11 Binti Unguja

Assalaam alaykum. Mimi naandika programu za Android. Huku kosa kubwa ni TrustManager tupu, yaani sehemu inayoamua cheti kipi kiaminiwe. Mtu ananakili jibu la zamani la mtandaoni, kazi ya checkServerTrusted ipo lakini ndani yake hamna hata mstari mmoja, na HostnameVerifier, inayokagua jina, inarudisha true. Kwa nje inaonekana kama uhakiki umeandikwa kwa juhudi. Ukiipitia haraka huwezi kushuku.

Nieleze kwa nini watu wengi waliishia huko. Simu za Android za kabla ya 7.1.1 hazina mzizi mpya wa Let's Encrypt unaoitwa ISRG Root X1. Mzizi wa zamani uliokuwa unawabeba uliisha muda 30 Septemba 2021. Let's Encrypt wakaweka daraja la sahihi kwa ajili ya simu hizo, nalo likafika mwisho wake 2024. Wateja wetu wengi wana simu za zamani, ni simu zinazofanya kazi na hawana sababu ya kuzitupa. Programu ikikataa kuunganisha, lawama ni zako.

Suluhisho halikuwa kuzima. Nimeubeba ule mzizi ndani ya programu yenyewe. Kwenye OkHttp, maktaba ya mawasiliano, kuna HandshakeCertificates: unaongeza mizizi ya simu kwa addPlatformTrustedCertificates, kisha unaongeza ISRG Root X1 kwa addTrustedCertificate. Faili la network security config (mipangilio ya usalama wa mtandao ya Android) ni zuri, lakini Android 6 na chini hailisomi, kwa hiyo msilitegemee kwa simu hizo. Niliijaribu kwenye simu ya mama yangu mdogo yenye kioo kilichopasuka, ikaingia mara ya kwanza. Sikubadilisha chochote upande wa seva.

#12 Msomaji wa Arusha

Je, kuchomeka cheti cha seva moja kwa moja ndani ya programu, ikatae kingine chochote? Si ndiyo salama zaidi?

#13 Mzee wa Seva

Ni salama zaidi mpaka siku cheti kinaposasishwa. Nimeshaona programu ya simu iliyofungiwa kwenye cheti kimoja. Cheti kikaisha, seva ikawekewa kipya kama kawaida, na asubuhi ile kila mteja akawa nje. Kurekebisha kulihitaji toleo jipya, na toleo jipya linapita kwenye duka la programu na kusubiri mtu alipakue. Chrome yenyewe iliondoa HPKP, mfumo wa tovuti kuchomeka funguo zake kwenye kivinjari, toleo la 72, mwaka 2019. Wenye tovuti kujifungia nje ilikuwa moja ya sababu.

Ukilazimika, funga kwenye ufunguo wa umma (ulio ndani ya cheti, na unaweza kubaki uleule kinaposasishwa) badala ya cheti, na weka ufunguo wa akiba ambao umeuhifadhi mahali tofauti. Na kuchomeka kunaongezwa juu ya uhakiki wa kawaida, hakuchukui nafasi yake. Kwa duka la jumla la Mwanza, mimi ningebaki na uhakiki wa kawaida uliofanywa vizuri.

#14 Fundi Ilemela

Naafiki. Nami ndivyo nilivyofanya. Nimeondoa False zote, zilikuwa 9. Nane hazikuwa na sababu yoyote, uhakiki umewashwa na kazi inaendelea. Moja ilikuwa seva ya ndani ya mwenye maduka, nimeitengenezea mzizi wake.

Jambo moja sijaliona likitajwa: majaribio. Majaribio yetu yote huuliza, "Inaunganika?" Programu yenye verify=False inayapita yote kwa alama za juu. Mnakumbuka Februari 2014, ile hitilafu ya Apple ya mstari wa goto fail uliorudiwa mara mbili? Ule mstari wa pili uliruka hatua ya kukagua sahihi ya seva, na tovuti zote halali zilifunguka kama kawaida, iPhone kwa Mac. Hakuna kilichoonekana kuvunjika.

Kwa hiyo nimeandika majaribio yanayodai kushindwa. Kuna badssl.com, tovuti yenye vyeti vibovu vya makusudi, imewekwa kwa kazi hiyo. Programu yangu inaita expired.badssl.com, wrong.host.badssl.com, self-signed.badssl.com na untrusted-root.badssl.com. Ikifanikiwa kuunganika na hata moja, jaribio linaanguka na kodi haipandi. Akija mwingine baada yangu akaandika False kwa haraka zake, mashine itamzuia hata kama mimi sipo.

#15 Dada Neema wa Dodoma

Nimerudi na majibu. Mzee, ni kama ulivyosema. Mnyororo una namba 0 peke yake, na chini kabisa imeandikwa "Verify return code: 21", yaani uhakiki umeshindwa.

Nimepakua cheti cha kati kwenye tovuti ya mamlaka iliyokitoa, nikakiunganisha na faili la certifi (kifurushi cha Python cha vyeti vya mizizi) kwenye nakala yangu, nikaielekeza verify huko. Imekubali. Hapo hapo nikawaandikia watoa huduma upya, safari hii sikusema "haifunguki". Niliwabandikia matokeo ya openssl na kuwauliza kama kwenye Nginx, programu ya seva yao, wameweka cert.pem (cheti peke yake) badala ya fullchain.pem (pamoja na cha kati).

#16 Mzee wa Seva

Umefanya vizuri mno, binti yangu. Hiyo nakala ya certifi usiisahau, weka tarehe ya kuiondoa. Mamlaka hubadilisha vyeti vya kati bila kumwambia mtu.

#17 Dada Neema wa Dodoma

Wamejibu saa 10 jioni, neno moja tu: "Tayari." Nimeendesha amri tena, sasa kuna 0 na 1, na Verify return code ni 0, yaani uhakiki umepita. Nimeifuta nakala yangu ya certifi, nimefuta na lile tawi lenye verify=False. Ujumbe wa majaribio umefika kwenye simu ya mwalimu mkuu saa 10:20.